Askari aliyewachora wenzake: je, michoro ya Kapteni Metzner ni ushahidi?

SWALI: "Mimi ni Mkongomani kutoka Uvira, ninaishi na familia yangu Louisville, jimbo la Kentucky. Mwanangu alipewa kazi ya shule kuhusu wahamiaji waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tulikwenda makumbusho tukaona jiwe la kumbukumbu la Wajerumani wa rejimenti ya 32 ya Indiana, kisha tukatazama mtandaoni michoro ya ofisa mmoja wa rejimenti hiyo, Adolph Metzner, iliyohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Michoro mingine inachekesha, maofisa wamefanywa vikaragosi. Mingine ni ya wafu. Mwanangu anauliza ipi ni ya kweli, na kama mtu anaweza kuchora huku anapigwa risasi au alikaa nyumbani baada ya vita akatunga. Mwalimu wake amesema kwamba picha ya kamera ni ushahidi na mchoro ni maoni tu. Nina sababu yangu pia ya kuuliza. Mjomba wangu, ambaye tuko naye hapa, alichora maisha ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu katika madaftari mawili ya shule. Je, madaftari hayo yana thamani yoyote, na niyatunzeje?"

JIBU: Ndugu yangu, swali la mwanao ni zito kuliko kazi aliyopewa shuleni, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Wasiwasi wenu, kama nilivyouelewa, ni kwamba mtu hawezi kuwa mcheshi na shahidi kwa wakati mmoja: ama Metzner alikuwa anatania, na kwa hiyo kazi yake haina uzito, ama alikuwa anashuhudia, na kama ni hivyo utani ule ulitafuta nini humo. Juu ya hapo mna shaka kuhusu wakati alipochora. Jibu langu fupi ni kwamba Metzner ni shahidi mzuri sana, ila si wa yale mambo ambayo watu wengi humwendea. Ukimwuliza pigano lilikwendaje, atakupa habari ya mtu aliyesimama kwenye kona moja ya uwanja, macho yamejaa moshi. Ukimwuliza askari alivaaje siku ya mvua, alikaaje mbele ya hema, alimtazamaje mkubwa wake, mimi nitamwamini yeye kuliko ripoti ya jenerali yeyote.

Kabla ya michoro, tuwafahamu watu wenyewe, kwa sababu hapa kuna dhana moja potofu ambayo mimi nakutana nayo mara nyingi, kwamba wahamiaji hawa walikuwa mamluki au maskini waliokamatwa mitaani. Rejimenti ya 32 ya Indiana iliundwa Indianapolis mwezi Agosti 1861 kwa askari wa kujitolea waliojiandikisha kwa miaka mitatu, na askari wa cheo cha chini alilipwa dola 13 kwa mwezi, mshahara ambao hauwezi peke yake kumtoa mtu mwenye kazi yake nyumbani. Iliitwa pia "rejimenti ya kwanza ya Kijerumani" ya Indiana. Haikuwa ya kipekee, kwa kuwa Ohio ilikuwa na Wajerumani wa rejimenti yake ya 9, Wisconsin ilikuwa na rejimenti ya 15 ya watu wa Skandinavia, na New York ilikuwa na Waayalandi, Waskoti na kikosi kilichojiita kwa jina la Garibaldi, mpigania umoja wa Italia. Kwa jumla, watu wapatao 200,000 waliozaliwa Ujerumani walipigana upande wa Muungano, yaani wa serikali ya Marekani na majimbo ya Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga.

Kanali aliyeiunda, August Willich, angeweza kujaza jibu hili peke yake. Alizaliwa mwaka 1810 katika familia ya kiungwana, akawa ofisa wa jeshi la Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, akaliacha kwa sababu ya siasa zake, akapigana katika mapinduzi ya Ujerumani ya 1848 na 1849 yaliyoshindwa, akakimbilia uhamishoni, akafanya kazi ya useremala Brooklyn, kisha akahariri gazeti la Kijerumani Cincinnati. Alikuwa mkomunisti waziwazi. Katika kambi yake alijenga matanuri ili askari wapate mkate mpya badala ya biskuti ngumu za jeshi, jambo ambalo askari wake walilikumbuka kwa miaka mingi. Chini yake walitumikia vinyozi, maseremala, walimu na wafamasia waliozungumza Kijerumani kambini na ambao barua zao zilichapishwa katika magazeti ya Kijerumani ya Indianapolis, Cincinnati na hapo kwenu Louisville. Mmoja wao alikuwa Metzner, mfamasia aliyezaliwa mwaka 1834 kusini-magharibi mwa Ujerumani na kuhamia Marekani katika miaka ya 1850. Alitumikia hadi rejimenti ilipomaliza muda wake mwaka 1864, na alifariki mwaka 1918.

Sasa rudini kwenye lile jiwe mliloliona, kwa sababu litamsaidia mwanao kuliko maelezo yangu. Tarehe 17 Desemba 1861, karibu na kituo cha reli cha Rowlett kusini mwa mto Green hapo Kentucky, kikosi hiki kilishambuliwa na askari wa farasi kutoka Texas, na kanali wa Watexas hao, Benjamin Terry, aliuawa katika mapambano hayo. Wajerumani waliwazika wenzao, na askari wa kawaida, August Bloedner, akachukua jiwe la chokaa la eneo lile lile, akalichonga tai mwenye mbawa, bendera, mizinga na matawi ya miti, na chini yake maneno ya Kijerumani. Mwaka 1867 jiwe lilihamishiwa makaburi ya Cave Hill mjini Louisville, ambako mvua na baridi vililibandua ganda kwa ganda hadi lilipoondolewa mwaka 2008 na hatimaye kuingizwa ndani ya makumbusho. Ndilo jiwe la kumbukumbu la vita vile lililo la kale kuliko yote yaliyosalia.

Maneno yake yanajulikana kwa sababu yalinakiliwa kabla hayajamomonyoka. Yanasema kwamba waliolala hapo walijitoa mhanga kwa ajili ya taasisi huru za jamhuri ya Marekani, na kwamba rejimenti moja ya askari wa farasi wa Texas, rejimenti mbili za askari wa miguu na mizinga sita, jumla zaidi ya watu 3,000, walishindwa na Wajerumani 500. Chini yake yalifuata majina ya wafu. Mwambie mwanao aitazame ile 3,000. Taarifa za upande wa Kusini zinatoa idadi ndogo zaidi kwa mbali, na hata bila taarifa hizo tungeitilia shaka, kwa maana mtu anayeshambuliwa hahesabu, hukadiria, na anayekadiria adui akiwa na hofu hapunguzi. Je, kwa sababu hiyo tulitupe jiwe? La hasha. Majina tunayaamini, kwa kuwa yaliandikwa na mtu aliyelala hema moja na wenye majina. Na ile idadi iliyotiwa chumvi nayo inatueleza jambo la kweli, yaani kwamba wahamiaji hawa walitaka kila mpita njia ajue kwamba wamelipia uraia wao. Ushahidi mmoja unaweza kuwa thabiti mstari huu na kuyumba mstari unaofuata. Mchoro ni vivyo hivyo.

Je, aliweza kuchora huku akipigwa risasi? Hapana, si kwa ofisa mwenye askari wa kuwaongoza. Mnamo tarehe 7 Aprili 1862, katika pigano kubwa la Shiloh huko Tennessee, Willich aliona safu zake zimeanza kuyumba chini ya risasi, akasimama mbele yao akiwapa mgongo maadui, akawaamuru wafanye gwaride la kushika bunduki, kama vile wako uwanjani Indianapolis, mpaka wakatulia. Tukio hilo tunalijua kutoka kwa walioliona. Lakini jiulize, ofisa aliyekuwa ndani ya safu ile angetoa wapi mkono wa tatu wa kushika penseli? Mchoro wake wowote wa pigano ni kumbukumbu, iwe ya saa mbili baadaye, ya siku ya pili au ya majira ya baridi yaliyofuata, na hiyo peke yake haiufanyi kuwa uongo.

Sisi tunaochunguza michoro ya zamani tunaigawa michoro ya askari, kwa jumla, katika aina tatu, na ni vizuri mjifunze kuzitofautisha kwa macho yenu. Aina ya kwanza ni ile ya papo kwa papo. Mistari yake ni michache na ina haraka, mkono au mguu umeachwa bila kumaliziwa, hakuna kivuli, na mara nyingi karatasi ni ndogo kwa sababu ilitoka mfukoni. Aina ya pili ilimaliziwa kambini, ambako askari ana muda mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa vita vingi ni kungoja. Siku za mapigano makali za rejimenti hii zinahesabika, wakati miaka yake ilikuwa mitatu, na iliyobaki ilikuwa mwendo, zamu, matope na kusubiri amri. Hapo penseli ilifuatiwa na wino, wino ukafuatiwa na rangi za maji, na nyuso zikapata muda wa kufanana na wenyewe. Aina ya tatu ni nakala iliyofanywa baada ya vita ili kuwapa marafiki au kwa ajili ya albamu, nayo kwa kawaida ni safi mno, watu wamepangwa vizuri, na upepo hauvumi. Ukiona mchoro wa kambi ambao hakuna mtu aliyempa mchoraji mgongo, shuku kwamba ulipangwa. Kumbuka pia kwamba maelezo yaliyoandikwa chini yanaweza kuwa ya siku nyingine kabisa, hata ya mkono mwingine, hivyo tarehe iliyo chini ya mchoro ni ya tukio linalosemwa, si lazima iwe ya kuchora.

Kuhusu kauli ya mwalimu, nasema kwa heshima kwamba ameitendea kamera upendeleo. Kamera ya wakati ule ilitumia kioo kilichopakwa kemikali ambacho kilipaswa kuingizwa ndani ya kamera, kupigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, yaani ndani ya dakika chache, na kwa hiyo mpiga picha alitembea na gari la farasi lenye chumba cha giza. Kitu chochote kinachosogea kiligeuka ukungu. Ndiyo maana ni nadra sana kuona pigano katika picha za vita vile. Unaona maofisa waliokaa kimya, madaraja, mizinga iliyopoa, na wafu, kwa kuwa wafu hawasogei. Na wafu nao walisogezwa. Mwezi Julai 1863 huko Gettysburg, Alexander Gardner alipiga picha maarufu ya kijana wa Kusini aliyelala nyuma ya ukuta wa mawe, na miaka zaidi ya mia moja baadaye mtafiti William Frassanito alionyesha kwamba maiti ile ile imo katika picha nyingine zilizopigwa mahali pengine uwanjani. Ilibebwa makumi ya mita na kuwekwa bunduki pembeni ili ipendeze machoni. Kamera haikusema uongo, ila aliyeishika alikuwa na hadithi yake tayari.

Michoro iliyochapishwa magazetini wakati ule, kwa mfano katika Harper's Weekly, ilikuwa na tatizo jingine. Mchoraji wa gazeti alituma mchoro wake wa haraka New York, na huko wachongaji waliuhamishia kwenye mbao za kupigia chapa, ambazo kwa kazi kubwa ziligawanywa vipande ili watu kadhaa wachonge kwa pamoja, kisha zikaungwa tena. Watu hao hawakuiona vita. Farasi aliyechoka aliondoka shambani amekonda akafika gazetini amenenepa. Metzner hakuwa na mchongaji wa kumnenepeshea farasi, wala mhariri, wala mnunuzi. Alichora kwa ajili ya watu waliokuwepo, na hilo ndilo linalonifanya nimthamini: angekosea sura ya mtu, mwenyewe alikuwa hema la pili, angemwambia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye utani, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wasomaji wengi wa michoro hii hawana. Sisi tunajua kwamba utani si kudharau. Mtani ndiye mwenye ruhusa. Msibani, wakati ndugu wa marehemu wamevunjika moyo, mtani huingia akaigiza alivyotembea marehemu, akadai alipwe kabla jeneza halijatoka, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Asiye mtani akithubutu kufanya hivyo, atafukuzwa. Hakuna anayeuliza pale ikiwa kicheko ndicho cha kweli au kilio. Rejimenti ya watu waliotoka nchi moja, wanaozungumza lugha ambayo majirani zao hawaielewi, walio mbali na mama zao na wanaozikana wao kwa wao, hujenga utani wa namna hiyo haraka sana. Metzner alikuwa ofisa anayewachora maofisa wenzake, yaani alikuwa ndani ya mduara wa ruhusa. Kumpa daktari wa kikosi au kapteni mwenzake tumbo kubwa kuliko la kweli kulikuwa ni kumwambia: wewe ni wa kwetu.

Nawaomba mlinganishe jambo hili na namna Wamarekani wengine walivyowachora Wajerumani miaka ile ile. Baada ya kushindwa kwa jeshi la Muungano huko Chancellorsville mwezi Mei 1863, lawama nyingi ziliangushwa juu ya vikosi vya Wajerumani vilivyokuwa upande ulioshambuliwa, na magazeti yakawafanya wote kuwa waoga, walevi na wazembe. Rejimenti ya 32 haikuwa hata karibu na hapo, ilikuwa Tennessee. Lakini kejeli haiulizi namba ya rejimenti. Kwa hiyo kitambi cha Mjerumani katika katuni ya mtu wa nje na kitambi katika karatasi ya Metzner vinaweza kufanana kwa umbo na kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Ukitaka kujua kikaragosi ni utani au ni tusi, uliza kwanza nani alikichora, na nani alikusudiwa kukiona.

Sasa iweje mtu huyo huyo achore maiti? Kwa sababu maiti ilikuwepo. Shiloh ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuona pigano kubwa. Vichaka vilishika moto, na majeruhi wasioweza kutambaa waliungulia humo. Baadaye yakafuata mapigano mengine: Stones River, ambako Willich mwenyewe alitekwa siku ya mwisho ya 1862, kisha Chickamauga, kisha Missionary Ridge mwezi Novemba 1863. Mtu aliyezoea kuchora kila kinachomgusa hawezi kuacha penseli mfukoni siku anapoguswa zaidi. Ningeshangaa, na kwa kweli ningemshuku, kama angetuachia wacheshi peke yao au wafu peke yao. Aliyetuletea wafu peke yao angekuwa anatuhutubia.

Kuna jambo moja ambalo lazima nikuonye kama mzazi Mwafrika. Kentucky lilikuwa jimbo la watumwa lililobaki upande wa Muungano, na utumwa uliendelea hapo kisheria hadi mwisho wa 1865. Katika kambi na barabara ambazo askari hawa walipita walikuwemo watu weusi, watumwa na waliojitoroshea uhuru, wakipika, wakifua, wakichimba, wakiendesha nyumbu. Mkiendelea kutazama michoro ya enzi hiyo, ya wachoraji mbalimbali, mtaona kwamba wengi walimchora mtu mweusi kwa midomo na macho ya dharau, au walimweka pembeni bila jina wakati kila ofisa ameandikiwa lake, na hata mhamiaji aliyekimbia ukandamizaji Ulaya hakuwa lazima amesalimika na tabia hiyo. Mkikutana nao, msiruke ukurasa. Mweleze mtoto kwamba huyu hakuwa ndani ya mduara wa utani, kwa hiyo kicheko juu yake ni cha aina nyingine.

Kwa kazi ya shule, ushauri wangu ni achague michoro miwili tu, mmoja wa kuchekesha na mmoja mzito, na aitazame kila mmoja dakika kumi kamili kabla ya kusoma maelezo yake. Aorodheshe kwanza vitu ambavyo mchoraji hakuwa na sababu ya kuvitungia: vifungo, viatu, namna kamba ya hema ilivyofungwa, nini kimewekwa chini na nini kimetundikwa. Humo ndimo mkono wa mchoraji unapofanya kazi bila kufikiri, na mkono usiofikiri ni mgumu kudanganya. Baada ya hapo ndipo aulize mchoraji alisimama wapi, na je, mtu angeweza kweli kusimama hapo. Kisha atafute barua au taarifa ya rejimenti ya majira yale yale na kuona wapi zinakubaliana. Nakala za mtandaoni zinatosha kabisa kwa hilo. Kusafiri hadi Washington kuna maana kwa mtu anayetaka kujua kama wino uliwekwa juu ya penseli, au nini kimeandikwa nyuma ya karatasi, na hata huyo anapaswa kuwasiliana kwanza na wahudumu wa chumba cha michoro cha Maktaba, kwa sababu vitu dhaifu havitolewi kwa kila anayebisha hodi. Na ikiwa siku moja mtu atakuuzia "mchoro halisi wa askari wa 1862", usitoe hata senti kwa kuangalia picha kwenye simu. Mpelekee mtaalamu wa karatasi aushike mkononi.

Nije kwa mjomba wako. Ndiyo, madaftari yale yana thamani, na nakwambia hivyo bila kuwa nimeyaona, kwa sababu Nyarugusu ilifunguliwa Kigoma mwaka 1996 na watu wengi wamezaliwa humo na kukulia humo, lakini picha nyingi tulizonazo za maisha yake zilipigwa na wageni waliokuja kwa siku chache na kibali. Mtu aliyechora foleni ya mgao akiwa mwenyewe ndani ya foleni ni jambo jingine. Sisemi yatakupatia fedha; pengine hayatakupatia.

Tatizo lako ni karatasi. Karatasi nyingi nzuri za wakati wa Metzner bado zilitengenezwa kwa nyuzi za matambara, nazo hudumu. Daftari la shule la siku hizi, hasa la bei nafuu, ni la massa ya mbao, ambayo yana asidi ndani yake. Hugeuka njano, kisha kahawia, kisha huvunjika kwenye mikunjo. Penseli yenyewe ni imara, kwa kuwa ni kaboni isiyopauka kwa mwanga, lakini hupakaa ikisuguliwa. Kalamu ya wino wa kawaida ndiyo hufifia juani. Kwa hiyo usiyaweke ukutani, usiyapige laminesheni, usitumie selotepu hata kwenye ukurasa uliochanika, kwa maana gundi yake huingia ndani ya karatasi na baada ya miaka haitoki. Yaweke yakiwa yamelala ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, katika chumba mnachokaa ninyi wenyewe, si chini ya nyumba ambako unyevu wa mto Ohio hupanda wala darini kwenye joto. Piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, pamoja na jalada na kurasa tupu, na uweke nakala mahali pawili.

Ukiona ukungu, kurasa zilizogandana au wino unaotoboa karatasi, acha kila kitu kama kilivyo na utafute mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Makumbusho au maktaba kubwa ya chuo kikuu hapo mjini itakuelekeza kwake. Kuhusu kuyatoa, una njia mbili. Hifadhi ya nyaraka itayatunza vizuri kuliko wewe na watafiti watayaona, lakini yatatoka mikononi mwa ukoo. Yakibaki nyumbani mtayashika mpendavyo, lakini moto mmoja au kuhama kumoja kutayamaliza. Wengi hutoa nakala za picha sasa na kuamua juu ya madaftari baadaye, na mimi pia ningefanya hivyo. Kabla ya kuyaonyesha hadharani, hata shuleni, muulize mjomba ni nani kati ya waliochorwa ambaye hangependa sura yake au jina lake lionekane, kwa sababu wapo waliobaki kambini na wapo waliorudi.

Lakini kazi ya kwanza haihitaji boksi wala mtaalamu. Kaa na mjomba, fungua ukurasa wa kwanza, uwashe kinasa sauti cha simu, umwulize huyu ni nani, hapa ni wapi, kwa nini mlikuwa mnacheka. Majina atakayoyataja andika kwenye karatasi ya pembeni ukitumia namba za kurasa, usiandike ndani ya daftari lenyewe. Na usimwache mtu ayapange upya kwa mada au kuchomoa kurasa zilizo nzuri, kwa kuwa mfuatano ule, mzaha ukifuatiwa na mazishi kisha mzaha tena, ni wake.